King'ora kimelia, sisi bado tunachungulia dirishani

Juzi usiku huku Sahare, Tanga, mvua na radi kama zimetumwa, umeme umekatika saa mbili, bati la jirani linagonga paa! paa! paa! mpaka usingizi umekata, basi nikakaa na simu nasoma habari za tonado, vile vimbunga vya nchi kavu, za Marekani mwaka 2011. Jamani ule mwaka acheni tu. Aprili 25 mpaka 28 zilishuka tonado zaidi ya 350, tarehe 27 peke yake zilipita 200, Alabama ndo ikaumia kuliko kote na waliokufa siku hizo ni zaidi ya watu 300. Mei 22, Jumapili jioni, ikapiga mji wa Joplin kule Missouri, upepo unazidi kilomita 320 kwa saa, hospitali yenyewe ikaharibika vibaya, watu 158 wakafa.

Kwao hewa ya joto yenye unyevu inapanda toka Ghuba ya Mexico inakutana na baridi kavu, halafu upepo wa chini unaenda kivyake na wa juu kivyake, wingu linaanza kuzunguka kama pia.

Sasa kilichonikalisha mimi ni hiki, Joplin ving'ora vililia zaidi ya robo saa kabla, ila wengi hawakukimbilia kujificha. Vilishazoeleka. Watu wakatoka nje kuangalia angani, wengine wakawasha tivii kwanza wahakikishe.

Hao si sisi kabisa? Aprili 2021 tukaambiwa kimbunga Jobo kinakuja, kikanywea baharini, na mimi nisijifanye mwema, nilikuwa wa kwanza kutupia stika za kucheka kwenye grupu la familia. Mei 2024 ikatangazwa Hidaya, kila mtu "aah Jobo mwingine huyo". Hidaya akatua kweli Mafia tarehe 4, na boti za Dar na Zanzibar zilishasimamishwa.

Ami yangu anavulia Deep Sea, bandari ya wavuvi hapa Tanga, siku ile kaivuta ngalawa yake mpaka juu kabisa kwenye mikoko, wenzie wanamcheka, ami unakimbia jina la mwanamke? Akawajibu, "Nimeoa wawili, nyie mnanifundisha nini?" Huku kwetu hatukuona cha maana, kakosa samaki siku mbili na utani kaula mwezi mzima.

Lawama zangu lakini siziweki zote kwa wavuvi. Lile tangazo la hali ya hewa, "upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2", mvuvi afanye nalo nini? Hana kipimo kwenye ngalawa. Yeye anajua pepo zake, kusi, kaskazi, matlai, anajua maji yakikaa vipi huwezi kurudi. Mwambie vyombo vidogo visitoke mpaka kesho alasiri, upepo utatoka upande fulani, na ukija kugeuka njoo useme umegeuka na kwa nini, usinyamaze. Kule kunyamaza ndo kunakotufanya tuone tumedanganywa, wakati kimbunga kunywea ni jambo la kusema alhamdulillah.

Jana asubuhi nimeazima ngazi na nyundo nikapanda kugongelea bati zangu, misumari yote mipya. La jirani bado linagonga, anasema anasubiri mvua zipite.