Mlipeni Fundi kwa Kupima

Ami yangu wa Chake, hapa Pemba, ameuziwa pampu ya mafuta mara mbili msimu huu wa karafuu, na gari bado inamzimikia njiani. Juzi kijana mmoja fundi umeme akaipima, akakuta kilichoharibika ni kontroli ya pampu, kisanduku cha ukubwa wa kiganja kilichofichwa nyuma ya plastiki ya ubavu wa buti. Pampu haikuwa na kosa. Ile ya asili iliyokuja na gari kutoka Japani ilikuwa nzima, na imeshatupwa.

Nimekasirika, na hasira zangu haziishii kwa fundi wa kwanza.

Sisi wenye magari tumejizoesha kumlipa fundi kwa kitu alichofunga tu. Akiinama kwenye buti saa nzima na mita yake ya umeme, anafuata waya mmoja mmoja, kisha akakwambia, "Ilikuwa nati ya ethi, ule waya wa hasi unaofungwa bodini, imeshika kutu, nimeikwangua na kuikaza," tunamuuliza: "Kwani umeniwekea nini mpaka nikulipe?" Maneno haya nimeyasikia Wete, nimeyasikia Mtambile, na nikivuka kwenda Unguja nayakuta Mwanakwerekwe. Fundi ana watoto, ana kodi ya banda. Sisi wenyewe tumemfundisha kwamba saa ya kutafuta ni sadaka na riziki iko kwenye kutaja spea. Basi anataja spea. Gari haiwaki, pampu hailii, lete pampu.

Hospitali za binafsi tunalipia kipimo cha damu hata jibu likitoka kwamba hakuna malaria, na hakuna anayedai kurudishiwa pesa zake. Kwenye gari tunaona kipimo ni porojo. Na hapa Pemba kubahatisha kunauma zaidi, kwa sababu spea yenyewe mara nyingi inatoka Dar au Unguja, inasubiri boti, inalipiwa nauli, na ikishafunguliwa boksi hakuna duka linaloirudisha. Kwa thamani ya pampu moja ya kukisia ungemlipa fundi kupima gari yako miaka.

Zamani kukisia kulikuwa na nafasi. Pampu ilikuwa na fyuzi, rilei (swichi ndogo inayowashwa na umeme) na waya, ikizunguka kwa nguvu moja tangu unawasha mpaka unazima. Gari nyingi zinazoshuka sasa zina kontroli katikati. Kompyuta ya injini inaiambia kiasi gani cha mafuta kinatakiwa, nayo inaukata umeme na kuuachia kwa kasi kubwa, ili pampu iende polepole gari ikiwa sailensa, yaani inaunguruma imesimama, na iende kwa nguvu zote ukipanda mlima. Kwenye baadhi ya Subaru za turbo ni ngazi tatu: theluthi, theluthi mbili, na zote. Kazi hiyo inazaa joto, ndiyo maana visanduku hivi vingi vina mgongo wa aluminiamu wa kupoozea. Na ndiyo maana kontroli inayokufa mara nyingi inakufa kwa vipindi: adhuhuri gari inakata, unaisukuma kivulini, ikishapoa inawaka utadhani haijapata kuumwa. Dalili hiyo hata pampu iliyochoka inaweza kuileta, kwa hiyo macho na masikio hayatoshi.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Fungua swichi bila kupiga stata, sikiliza tangini. Gari nyingi pampu italia sekunde mbili hivi kisha itanyamaza. Isipolia, angalia fyuzi na rilei, kisha nenda kwenye plagi ya pampu. Umeme unafika, ethi nzuri, pampu haizunguki: hapo sawa, nunua pampu. Umeme haufiki, rudi kwenye kontroli. Ikiwa inapata umeme wa betri, ina ethi, inapata amri kutoka kompyuta ya injini, na bado haitoi kitu, hiyo ndiyo mfu. Ikikosa amri, kosa liko kabla yake, upande wa kompyuta au waya wake, kontroli usiiguse.

Kuna mitego miwili inayowauzia watu pampu. Wa kwanza, kwa sababu umeme unakatwakatwa, mita ya kawaida inasoma wastani. Utaona volti sita au nane kwenye pampu inayofanya kazi vizuri kabisa, na asiyejua ataapa waya umekufa. Wa pili ni kinyume chake: waya uliolika unaweza kuonyesha volti kumi na mbili kamili wakati haubebi mzigo, ukaanguka pale pampu inapotaka kuzunguka. Kwa hiyo ethi inapimwa pampu ikiwa inavuta, mguu mmoja wa mita kwenye ethi ya kontroli na mwingine kwenye hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kakwangue ile nati kabla hujanunua chochote. Sisi tunaishi na chumvi ya bahari pande zote, na baadhi ya gari zetu zimekulia Japani kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Marekani pickup za Ford F-150 za miaka ya 2004 hadi 2008 zinajulikana kwa jambo hili: kontroli ilifungwa juu ya tairi la spea, mgongo wa aluminiamu ukigusana na chuma cha fremu, ukaliwa na kutu mpaka maji yakaingia ndani.

Hata mashine ya kusomea namba za kosa kwenye kompyuta ya gari, ikisomwa vibaya inadanganya. Namba P0230 inasema saketi ya pampu ina kasoro, haijasema pampu imekufa. U0109 inasema mawasiliano na kontroli yamekatika.

Nakubali kwamba mafundi wetu wanafanya kazi gizani. Gari imetengenezwa kwa soko la Japani, ramani ya waya ikipatikana ni ya Kijapani, na wengi wamejifunza kwa kumtazama fundi mkubwa, si skuli. Lakini mita haisemi Kijapani.

Kitu kimoja sikisamehe hata kidogo, nacho ni kuikata kontroli na kuunga pampu moja kwa moja kwenye umeme wa swichi. Gari inawaka, mwenye gari anafurahi, fundi anasifiwa. Kumbe kilichoondolewa ni ulinzi. Mpangilio wa asili unaisimamisha pampu injini inapozima. Ukiunga hivyo, gari ikipinduka kwenye kona za kwenda Konde na bomba likakatika, pampu itaendelea kumwaga petroli maadamu swichi iko wazi, na watu wamo ndani. Fundi anayekupendekezea hivyo, chukua ufunguo wako uondoke.

Kubadilisha kontroli kwenyewe ni kazi fupi. Namba ya kwenye lebo ilingane, umbo la plagi halitoshi. Vua hasi ya betri. Tazama pini za plagi. Zikiwa za kijani, zisafishe au badilisha plagi, la sivyo kontroli mpya itaishi na ugonjwa wa zamani. Baadhi ya gari za Kimarekani zinataka kontroli mpya iingizwe programu, uliza kabla hujalipa. Usiizungushie nailoni ukidhani unailinda na maji, utaipika. Na kabla hujaifunga, pima pampu inavuta ampea ngapi, kwa sababu pampu iliyochoka, inayozunguka kwa shida na kuvuta umeme mwingi, ndiyo iliyoua kontroli nyingi, na itaua na hii.

Kwa hiyo mimi na kijana aliyeipima gari ya ami tumekubaliana hivi, na nawaomba muwafanyie mafundi wenu vivyo hivyo: bei ya kupima inatajwa mwanzo, inalipwa iwe limeonekana jambo au halikuonekana, na fundi anaandika kwenye karatasi volti alizosoma kwenye pampu, kwenye kontroli na kwenye ethi. Spea inazungumzwa baada ya karatasi hiyo. Kama hutaki kuilipa hiyo, mwambie kabla hajafungua buti.