Marehemu Karatasi Bado Ananidai

Kila ninakokwenda siku hizi naambiwa kwamba karatasi imekwisha kufa na kwamba mambo yote sasa yako mtandaoni. Sina ugomvi na tangazo hilo la msiba, ila ningependa nionyeshwe kaburi, kwa sababu marehemu huyo nakutana naye kila asubuhi na mara nyingi ananituma kazi. Fomu ya chuo ya mwanangu, kwa mfano, inajazwa mtandaoni, lakini kabla ya kuwasilishwa ni lazima ichapwe, ipelekwe kwa mtendaji wa mtaa ili aitie saini kwa mkono wake na kuigonga muhuri, kisha iskaniwe na kurudishwa mtandaoni ilikotoka. Mtendaji mwenyewe hakuwepo ofisini, na muhuri hutembea naye mkobani. Nilipomuuliza kijana wa steshenari ni kitu gani hasa tulichookoa katika safari hiyo yote, alinijibu, bila kuinua macho kutoka kwenye mashine yake ya kutoa kopi, kwamba yeye binafsi anaishukuru sana teknolojia.

Halafu kuna risiti. Tangu mwaka 2010, mashine za kielektroniki zilipoanza kutumika hapa Tanzania, tumefundishwa kudai risiti kila tunaponunua kitu, na mimi ni raia mtiifu, nadai mpaka wauzaji wananichoka. Tatizo ni kwamba karatasi ile haina hata tone la wino. Imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapopata joto, na mashine inachofanya ni kuziunguza herufi juu yake. Matokeo yake, risiti ukiisahau kwenye dashibodi ya gari juani inageuka nyeusi tii, na ukiitunza kwa heshima ndani ya pochi ya plastiki inageuka nyeupe pee. Pasi yangu iliharibika ikiwa bado ndani ya waranti, nikaenda dukani kifua mbele na risiti yangu mkononi. Muuzaji aliipokea, akaielekeza kwenye mwanga wa taa, akaigeuza upande wa pili, akanirudishia kwa upole akisema, “Mzee wangu, hii ni karatasi tupu.” Sheria inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na mimi najiuliza ni nani aliyekaa na karatasi hii kwa miezi 5 tu akaweza kusoma kitu zaidi ya mikunjo.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba huko Goa, nchini India, zimehifadhiwa barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilizotoka Kilwa mwaka 1711, na wataalamu wanazisoma hadi leo. Barua hizo zimepita baharini, zimestahimili joto, unyevu na wadudu wa karne tatu, na bado unaweza kujua nani alimwandikia nani na alikuwa akilalamikia nini. Aliyeziandika alikuwa na kalamu na wino basi, wala hakuwa na mashine inayotoa mlio. Laiti angekuwepo siku niliponunua pasi, aniandikie mistari miwili tu.

Mtu pekee mtaani kwetu aliyeelewa somo hili ni Mangi, ambaye jina lake halisi silijui, kwani kwetu kila mwenye duka ni Mangi. Yeye anaamini kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kaunta buku lake hukaa pembeni ya mizani, likiwa limechakaa pembe na kunuka mafuta ya taa. Humo nimeandikwa kwa mwandiko wa kulala, ulionyooka kuliko maisha yangu: “Baba Neema, unga kilo 2, mafuta nusu lita, sabuni kipande.” Umeme ukikatika, deni halikatiki. Mtandao ukisumbua, deni halisumbuki. Nimewahi kumshauri, kwa nia njema kabisa, aachane na mambo ya kizamani na ahamishie madeni yote kwenye programu ya simu. Alichomoa peni sikioni, akaandika viberiti nilivyokuwa nimeshika, kisha akasema kwamba simu huibiwa. Hilo ndilo nililokuwa nalitegemea, lakini sikumwambia.

Hata hivyo, hayo yote ni madogo ukiyaweka mbele ya barua ya posa ya mpwa wangu. Kijana huyu ameajiriwa, anashinda kwenye kompyuta, na alikuwa ameazimia kuituma posa kwa simu, mpaka mama yake alipotishia kulala chini. Akakubali kuichapa. Kwa kuwa barua pekee aliyowahi kuandika maishani ni ya kuomba kazi, aliichukua ileile akabadilisha alipoona panafaa, ikaanza na “YAH: MAOMBI YA KUMUOA BINTI YENU”, ikafuatiwa na “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, ikaeleza kwamba mwombaji anaweza kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa, na ikamalizia kwa kusema kwamba yuko tayari kwa usaili siku yoyote. Washenga wetu, ambao hawakuisoma, waliipeleka ndani ya bahasha juu ya sinia, pamoja na noti zake, ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe. Baba mdogo wa binti aliisoma yote kimya kimya, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, kisha akauliza nakala nyingine zimepelekwa kwa nani.

Sinia lilirudi na agizo kwamba barua iandikwe kwa mkono. Hapo ukoo mzima ukagundua kwamba hauna mwandiko. Vijana walijaribu mmoja baada ya mwingine, na kila karatasi ilionekana kama imechakurwa na kuku. Ndipo mpwa wangu aliponijia, “Mjomba, wewe ulisoma enzi za somo la mwandiko,” na ni kweli, nilisoma wakati mwalimu alipokuwa akipita kati ya madawati na fimbo yake, na herufi iliyoelea juu ya mstari ilikuwa na malipo yake. Nikakaa na fulskepu na peni ya bluu mpaka vidole vikafa ganzi, kwa sababu barua ya posa haipakwi tipeksi, na kila nilipokosea jina la ukoo wa wakwe nilianza upya tangu salamu.

Wakwe wameridhika, na wamesifia mwandiko. Majibu yao yameingia jana kwenye simu yangu: jedwali la mahari lililopigwa kwa kompyuta, lenye safu ya bidhaa, safu ya idadi na safu ya jumla. Nimelipeleka kwa yule kijana wa steshenari alichape, kwa maana wazee wetu wamekataa katakata kujadiliana mahari ambayo hawawezi kuikata kwa kalamu.