Pointi za Posa

Jamani, mtu akinipa kidogo sina ugomvi naye. Ninayegombana naye ni yule anayeanza kunihesabia kilicho changu, moja, mbili, tatu, halafu anafunga daftari na mimi bado nimenyoosha mkono.

Mimi ni fundi wa majokofu, Tandika. Hoteli kubwa nazijua, ila nazijua kwa mlango wa nyuma: naingia na begi la vifaa na mtungi wa gesi, natengeneza friji la jikoni, nasaini kwa mlinzi, natoka. Kulala, hapana. Kulala kwangu ni gesti, ile ambayo taulo unapewa baada ya kuacha kitambulisho.

Sasa mtoto wa kaka yangu, yuko Doha anafanya kazi, kapata mchumba Nairobi, mtaa wa South C. Watu wa heshima zao, wakasema hawataki mambo ya simu, wazee waje na barua ya posa. Ukoo ukakaa kikao. Kupeleka barua wanatosha watu wanne. Wakajitokeza kumi na moja. Na umwambie nani abaki? Ukimwacha huyu, kwenye harusi hali. Ukimwacha yule, hasusi lakini anakununia mpaka msibani. Tukaenda wote kumi na moja.

Kijana akapiga simu. "Bamdogo, msije mkaniaibisha mkalala gesti. Nawatumia hela, mlale hoteli ya maana, zile zilizotapakaa dunia nzima. Buku wewe. Ila kabla ya kubuku jiunge uanachama, kujiunga bure. Kila dola wanakupa pointi kumi. Zikijaa, unalala bila kulipa."

Mimi neno "bure" nikilisikia usingizi unaniisha. Nikamwambia anieleze polepole. Akaniambia mchezo huu waliuanza watu wa ndege, American Airlines, mwaka 1981, wakawa wanamhesabia abiria maili zake. Mwaka 1983 watu wa hoteli wakaingia, Holiday Inn na Marriott. Nikapiga hesabu: zaidi ya miaka arobaini wenzangu wanalala bure, mimi nalipia feni Korogwe!

Nikachukua karatasi ya risiti ya kompresa, nikaandika kwa nyuma. Vyumba sita, siku mbili: usiku 12. Kwenye programu yao ukifikisha usiku 10 kwa mwaka unapanda Daraja la Fedha. Safari moja tu, fundi wa Tandika yuko kwenye Fedha! Chumba dola 110 kwa siku kabla ya kodi, mara 12, dola 1,320. Pointi 13,200. Chumba cha bure pale ni pointi 25,000. Nikamwita mama watoto, nikamwonyesha karatasi. Nikamwambia, tukipata posa nyingine kama hii, wewe na mimi tunalala Unguja, baharini, hatutoi senti.

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Hela ya kijana, posa ya ukoo, halafu bure yako?"

Sikumjibu. Wanawake wana tabia ya kuuliza swali mapema mno.

Vyumba vitano nikabuku kwao wenyewe, kwa jina langu. Cha sita nikakiona kwenye tovuti nyingine, hoteli ile ile, kitanda kile kile, dola 96. Nikapita nacho. Dola 28 nimeokoa kwa siku mbili, nikajisifu mwenyewe mbele ya kioo. Mjini ni akili.

Basi lilitoka Dar alfajiri. Namanga tukashuka kugonga pasi, Bamkubwa akapotea chooni nusu saa, Shangazi akataka kumpa askari visheti. Huyu Shangazi ni dada yangu wa kuzaliwa, lakini ukoo mzima tunamwita Shangazi, hata sisi tuliotoka naye tumbo moja, maana ndiye mweka hazina na ana sauti ya mweka hazina. Tukaingia Nairobi usiku, baridi, miguu imevimba kama mihogo ya kuloweka.

Mapokezi yule binti alikuwa mpole sana. Watu wapole ndio wanaokumaliza.

"Karibu sana, baba. Uko na namba ya uanachama?"

Nikaitaja kwa sauti, tarakimu moja moja, ukoo wote usikie. Akabofya, akabofya, akakunja uso kidogo.

"Hiki cha sita hakijatoka kwetu, kimepitia kwa tovuti ingine. Hakina pointi."

"Mwanangu, kitanda si kile kile?"

"Kitanda ni kile kile. Lakini wale waliokuuzia tunawalipa kamisheni yao, kwa hivyo pointi hakuna."

Yaani ile dola 28 niliyookoa ilikuwa na kovu lake. Nikameza. Nikamwambia sawa, basi vitano.

"Vitatu, baba."

"Vitatu vipi? Hesabu na macho yako."

"Mwanachama mmoja anapata pointi za vyumba vitatu peke yake, kama analipia vyote na yeye mwenyewe analala kimoja."

Nikashika kaunta. Haba na haba hujaza kibaba, nimeimbishwa tangu darasa la pili, hakuna mwalimu aliyeniambia kibaba kinatobolewa kikifika chumba cha tatu. Nikasema moyoni, usihangaike, Daraja la Fedha lipo. Nikamuuliza zile siku, usiku, zinahesabiwaje.

"Usiku ni wa chumba chako tu. Mbili."

"Binti, nimelipia usiku 12! Mimi siwezi kulala vyumba sita kwa wakati mmoja."

"Ndiyo maana, baba."

Kweli, ningemjibu nini? Nimetengeneza majokofu miaka ishirini na mbili, nimebishana na wateja wa kila namna, sijawahi kufungwa bao safi namna ile.

Wakati natafuta jibu, Shangazi akanisogeza kwa kiwiko. Alikuwa nyuma yangu muda wote, kapu mkononi, anasikiliza kama mtu anayesubiri matokeo ya kikoba. "Mwanangu, na mimi naweza kujiunga?" Binti akasema ndiyo mama, mara moja. Wakahamisha jina la chumba chake, wakaingiza namba yake ya simu na barua pepe aliyofunguliwa na mjukuu, na kabla sijapata pumzi dada yangu ni mwanachama, na chumba nilichobuku mimi, nilicholipia mimi, usiku wake wawili na pointi zake 2,200 vinaingia kwake. Yeye usiku mbili, mimi usiku mbili. Tuko sawa! Akanigeukia akitabasamu: "Haya, mwanachama mwenzangu, ufunguo."

Baadaye kijana akanieleza, kwa simu, kwamba hiyo ndiyo njia: watu mkiwa wengi kila anayelala ajiunge mwenyewe, kila chumba kiwe na namba yake. Sasa hilo si ungeniambia kabla hatujafika Namanga? Akaendelea eti kila kampuni na sheria zake. Marriott na Hyatt wote wanakupa pointi mpaka vyumba vitatu, lakini ukija kwenye kuhesabu usiku, Marriott wanakubali vyumba vitatu, Hyatt chumba chako peke yake. Mtu unatakiwa ulale na katiba mkononi. Ya kwetu siitaji jina, wasije wakafuta hata hicho kilichobaki.

Na ile sheria ya "mwenyewe analala kimoja" msiichukulie poa. Nilipangwa na Bamkubwa. Bamkubwa anakoroma kama jenereta lenye maji kwenye dizeli: linapiga, linapiga, linakata, unasema alhamdulillahi, linawaka tena. Nina rafiki Nairobi, fundi mwenzangu, alishaniambia nikifika nilale kwake. Ningekwenda. Lakini nikawaza, wakigundua mwanachama hakulala, si na vile vitatu vinakwenda? Nikajilaza macho makavu usiku mzima, nalinda pointi.

Saa nane usiku nikainuka kukagua friji dogo la chumbani, ni mazoea tu. Mpira wa mlango umechoka, baridi inavuja, mtu hajaligusa miaka. Na ndani yake hamna kitu. Juisi mbili zimekwenda, korosho zimekwenda, chokoleti, maji ya chupa ya kioo, vyote. Bamkubwa alidhani ni takrima! Kwao Pangani mgeni akiwekewa kitu karibu na kitanda ni chake. Asubuhi nikamwambia, mzee, vile vinalipiwa, dola 34. Akasema hata hakushiba.

Posa ilikwenda vizuri, kama mnataka kujua. Barua ikapokelewa, tukala biriani, Bamkubwa akasinzia wakati wa dua.

Siku ya kuondoka bili ikaja ndefu kama sanda. Nikaona jumla kubwa, roho ikachanua kidogo, nikajua pointi nazo zitapanda. Binti, mpole vilevile, akaniwekea kalamu chini ya mistari miwili: VAT asilimia 16, ushuru wa utalii asilimia 2. "Hizi za serikali hazina pointi, baba." Kulipa nalipa, kuhesabiwa sihesabiwi. "Lakini hii iko nazo," akasema, akaonyesha mstari wa friji. Dola 34, pointi 340. Ndipo nikamtazama Bamkubwa kwa jicho jingine. Ningejua ningemwachia na friji la Shangazi.

Tumerudi Dar. Siku ya kwanza nafungua simu, hakuna kitu. Siku ya tatu: pointi 2,540. Chumba changu na korosho za Bamkubwa. Vyumba vingine viwili vya haki yangu havipo! Nikawaandikia. Wakajibu kwa adabu nyingi wakitaka risiti za vyumba hivyo, zenye jina langu na tarehe. Risiti ziko wapi? Kwa mweka hazina. Nikaenda kwa Shangazi, akanitolea bahasha kutoka chini ya godoro, akafungua daftari, akanisainisha kwamba nimeazima risiti mbili na nitazirudisha ndani ya siku saba. Karatasi zenye jina langu, naazima! Nikapiga picha, nikatuma, nikasubiri, nikatuma tena. Mwishowe zikakaa: pointi 6,940. Usiku: 2. Daraja: Mwanachama.

Mwanachama tu. Kama Shangazi.

Na zenyewe si za kuweka ukaziota. Ukipitisha miezi 24 hujalala, hujafanya lolote, zinafutwa. Ni kama samaki, nami najua habari ya samaki na umeme kukatika.

Jumapili iliyopita kikao cha ukoo, kupokea hesabu za safari. Shangazi kasoma: nauli, chakula, vyumba, zawadi ya bibi wa binti. Kafika mwisho, kavua miwani. "Na kuna suala la pointi."

Nikahisi jasho. Nani kamwambia? Kijana kamwambia. Mjadala ukachukua saa nzima, kuliko mahari yenyewe. Mmoja anasema hela ni ya kijana, pointi za kijana. Mwingine anasema shughuli ni ya ukoo, ziingie kwenye mfuko wa ukoo. Nikasema zinakaa kwenye simu yangu na nimezilalia. Bamkubwa akaamka usingizini, akasema yeye hataki makubwa, anadai zile 340 peke yake, maana zimetoka tumboni mwake. Wakampigia makofi! Nikauliza zake 2,200 Shangazi zinajadiliwa lini. Kikao kikaambiwa hilo si ajenda.

Halafu likaja la harusi. Nairobi tena, mwezi wa kumi na mbili, watu arobaini. Vyumba kama kumi na sita hivi. Nikanyoosha mkono. Safari hii nimejipanga, kila mtu tutamsajili hapa hapa Tandika, vyumba vyangu vitatu navijua, na cha nne simpi mtu.

Shangazi hata hakunitazama. Akasema ameshaongea na yule binti wa mapokezi, wanawasiliana, wameshazoeana. Vyumba vikifika kumi na kitu mnahesabiwa kundi, na bei ya kundi ina mkataba wake, na yule anayesaini mkataba kuna pointi zake za mwandaaji, kwa vyumba na ukumbi na chakula, haijalishi nani kalala wapi.

"Kwa hiyo," akasema, anafunga daftari, "nitasaini mimi."

Nikakaa chini. Watu wanatoka nje, wananywa soda, mimi natafuta viatu vyangu, akaja kunishika bega. Nikadhani anataka kunifariji.

"Mdogo wangu, lile friji langu tangu juzi haligandishi. Pita kesho uliangalie. Hela sina, ila nitakutumia pointi."