Kondoo wa udongo wa Knidos wana fundi wao

Ufundi wa Warumi ukitajwa, watu hukimbilia marumaru, fedha na vioo. Chombo cha udongo chenye umbo la mnyama hupewa mstari mmoja tu: "kimetolewa kwa kalibu." Basi, yameisha. Mimi sikubali.

Mtazame kondoo dume wa Knidos, mji wa kale uliokuwa chini ya Warumi, pwani ya kusini magharibi ya Uturuki ya leo. Amejilaza, miguu ameikunja chini ya tumbo, na sufu yake ni vifundo vidogo vidogo. Mgongoni ana tundu la kujazia na mkono wa kushikia. Ni kondoo, na ni gudulia lenye kazi yake.

Kweli ametoka kalibuni. Lakini kalibu haijichongi. Lazima awepo mtu aliyemfinyanga kondoo wa kwanza, kifundo kwa kifundo, ndipo kalibu ya vipande viwili ichukuliwe kwake. Kisha udongo hukandamizwa kwa vidole ndani ya kila nusu, nusu zikaunganishwa kwa uji wa udongo, mshono ukasuguliwa. Na udongo hunywea ukikauka na ukichomwa. Kwa hiyo fundi akichukua kalibu mpya kutoka kwa kondoo aliyekwisha kuchomwa, mzao unaofuata huwa mdogo kuliko mzazi wake. Hilo linanigusa sana: ukoo mzima wa kondoo, kila kizazi kikipungua kidogo.

Tena kalibu ndiyo iliyowafikisha wanyama hawa mbali. Huko Galia, Ufaransa ya leo, karakana za bonde la mto Allier, kama Saint-Rémy-en-Rollat, zilitengeneza vichupa vya wanyama vilivyopakwa rangi ya kung'aa yenye madini ya risasi, kijani au manjano. Vyombo vya wanyama kutoka huko vilivuka bahari hadi Uingereza. Huko Colchester, katika kaburi la mtoto la karne ya 1 BK, viliwekwa pamoja na visanamu vya wazee waliojinyoosha karamuni. Mtu aliyefiwa alivichagua hivyo kwa ajili ya mtoto wake. Kwake havikuwa kazi duni.

Ninachowaomba wenye makumbusho ni kidogo: wekeni kioo cha kujitazamia nyuma na chini ya wanyama hawa, tuone tundu la mgongoni na mahali mshono ulipopita. Na kibao kimtaje mfinyanzi kabla ya kutaja kalibu.