Malori ya visima vya Texas: fedha ipo, ila saa za kusubiri nani anazilipa?

Kwa Mkongo au Mrundi aliyepokelewa Abilene, au Mkenya aliyeweka makazi Dallas, Bonde la Permian, eneo kubwa la visima vya mafuta, haliko mbali. Ukitoka Abilene ukaifuata barabara kuu ya I-20 kuelekea magharibi, saa mbili na kitu unaingia Midland, na kuanzia hapo malori mengi unayopishana nayo yana shughuli na visima: yamebeba maji, mchanga, mabomba au mafuta ghafi. Bonde hilo limekalia Texas magharibi na kona ya New Mexico, na mwaka 2024 lilitoa zaidi ya mapipa milioni 6 kwa siku, karibu nusu ya mafuta ghafi yote ya Marekani. Ndiyo maana madereva wetu wenye CDL, leseni ya malori makubwa, hawaachi kuulizana: tuache safari za kuvuka majimbo, twende visimani?

Wanaosema nenda hutaja mshahara. Wanaosema usithubutu hutaja ajali. Wote wana ushahidi, lakini naona wanabishania mambo mawili yasiyoamua. Kinachoamua ni nani anabeba gharama ya saa ambazo lori limesimama, na deni la lori lenyewe limeandikwa kwa jina la nani.

Tuanze na upande wa neema, maana upo kweli. Dereva wa masafa marefu hulipwa kwa maili, hulala kwenye vituo vya malori, na anaweza kukaa wiki tatu bila kumwona mtoto wake. Visimani safari ni fupi: unachota maji machafu kisimani, unayapeleka kwenye kisima cha kuyazika, unarudi. Kampuni nyingi hutumia zamu, wiki mbili kazini na wiki moja nyumbani, na baadhi hutoa malazi kambini bila makato. Kazi yenyewe haikauki kirahisi, kwa sababu visima vya Permian hutoa maji ya chumvi mengi kuliko mafuta, mapipa matatu au zaidi kwa kila pipa moja la mafuta, na lori la tanki hubeba takribani mapipa 130 tu kwa safari. Mwenye kibali cha tanki na cha mizigo hatari kwenye leseni yake anaweza kubeba mafuta ghafi, na huko malipo hupanda. Nisiwadharau waliojenga nyumba Eldoret au Bukavu kwa kazi hii. Wapo.

Sasa njoo kwenye foleni ya malori yanayosubiri kisimani, ambako mahesabu ya wengi huharibika.

Kisima cha kisasa hupasuliwa kwa maji na mchanga vinavyosukumwa ardhini kwa nguvu kubwa. Mchanga hubaki kwenye nyufa za mwamba ili zisijifunge na mafuta yapate njia. Kisima kimoja humeza maelfu ya tani za mchanga, na lori moja hubeba tani ishirini na kitu. Pampu zikienda, kila mtu anakimbizwa. Pampu ikiharibika, au upepo ukiwa mkali mno, au bomba likikwama chini, malori yote yanasimama palepale, na dereva anaweza kulala na mzigo wake hadi kesho yake. Anayelipwa kwa saa amepoteza usingizi tu. Anayelipwa kwa mzigo ana hatari ya kupoteza siku nzima, kwa sababu si kila mkataba unalipa fidia ya kusubiri, na unaolipa huenda ukaanza kuhesabu baada ya saa kadhaa za bure.

Sheria nayo haimsaidii kama anavyodhani. Kanuni ya shirikisho inamruhusu dereva wa lori la mizigo kuendesha saa 11 ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, na akishamaliza saa zake za wiki apumzike saa 34 mfululizo ndipo aanze hesabu upya. Kwa shughuli za visima, mapumziko hayo yamepunguzwa hadi saa 24. Texas, kwa safari zisizotoka nje ya jimbo, inaruhusu saa 12 za kuendesha baada ya mapumziko ya saa 8. Upo pia msamaha wa kutohesabu saa za kusubiri kisimani kama saa za kazi, lakini ni wa madereva waliofundishwa kuendesha mitambo maalumu ya kuhudumia visima, na mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa malori ilifafanua kwamba wabeba maji na mchanga wa kawaida hawamo. Nauliza tu: msimamizi anapokwambia uandike saa za foleni kuwa ni mapumziko, yeye ndiye atakayesimamishwa barabarani na polisi? Tena malipo ya ziada baada ya saa 40 kwa wiki, yale ambayo mfanyakazi wa kiwandani anayadai kwa sheria, madereva wengi wa malori makubwa hawayapati, kwa kuwa sheria hiyo ya shirikisho imewatoa. Kwa hiyo mtu anayejivunia mshahara wa wiki agawanye kwa saa zote alizokuwa mbali na kitanda chake, si zile tu usukani ulipokuwa mkononi. Wengine wakifanya hesabu hiyo wanakuta hawajamzidi sana dereva wa mjini anayerudi nyumbani kila jioni. Wengine wanakuta wamemzidi mbali, na karibu kila mara hao ni waajiriwa wa saa.

Hatari ni sura nyingine. Katika uchimbaji wa mafuta na gesi Marekani, muuaji mkuu wa wafanyakazi ni ajali za magari. Barabara ya US 285 kati ya Pecos na Carlsbad imepewa jina la barabara ya mauti, na mtu aliyeipita usiku, malori yamefuatana bila nafasi na vijana wa pikapu wanapita kushoto na kulia, haulizi kwa nini. Uchovu unaotokana na foleni ndio unaoingia barabarani, kwa hiyo suala la saa na suala la ajali si mambo mawili.

Ipo hatari isiyo na kelele ambayo wakongwe huitaja na wageni huicheka. Kati ya Januari 2010 na Machi 2015 wachunguzi wa afya kazini walibaini vifo 9 vya ghafla vya watu waliofungua mfuniko wa tanki la mafuta ghafi ili kupima kina au kuchukua sampuli. Walivuta mvuke uliofukuza oksijeni. Madereva walikuwa miongoni mwao. Awali baadhi ya vifo vya namna hiyo vilidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa moyo. Ongeza gesi ya salfidi ya haidrojeni, yenye harufu ya yai viza, ambayo ikizidi huifisha pua kwanza usiinuse tena, na vumbi la mchanga linaloharibu mapafu polepole. Kampuni inayokukabidhi kipima gesi siku ya kwanza na kukukataza kupanda tankini peke yako imekwambia mengi kuhusu mishahara yake pia.

Hoja kali kabisa ya wanaosema nenda ni kwamba ukubwa wa faida uko kwa mwenye lori, si kwa mwajiriwa. Ni kweli, wakati bei iko juu. Ila watu wetu hununua kichwa cha trela bei ya mafuta ikiwa imepanda, kwa sababu ndipo habari za utajiri zinapowafikia, na ndipo kichwa kinapouzwa ghali zaidi. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya dola 30. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ya Texas yalifunga soko yakiwa chini ya sifuri, dola 37.63 za hasi. Mitambo ikisimama, mwajiriwa anapoteza kazi, na inauma. Mwenye deni anapoteza kazi na bado mkopo na bima vinamsubiri kila mwezi. Mikataba ya kampuni inayokukodisha lori hadi liwe lako, huku ikikukata dizeli, bima na matengenezo kabla hujashika senti, mara nyingi ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na malori yenyewe yanapunguziwa kazi. Mabomba ya maji yanatandazwa kila mwaka. Atlas, kampuni inayouza mchanga wa visima, imejenga mkanda wa kusafirisha mchanga, Dune Express, wenye urefu wa maili 42 kutoka Kermit hadi New Mexico, ulioanza kazi mwanzoni mwa 2025, na kampuni hiyohiyo inatumia malori yasiyo na dereva ya kampuni ya Kodiak kwenye barabara za ndani za visima. Wakenya hawahitaji kuambiwa sana: usafirishaji wa mafuta ya Lokichar kwenda Mombasa kwa malori, ulioanza Juni 2018, ulikoma 2020 mradi wa majaribio ulipofika mwisho. Ajira ya lori kwenye mafuta huwa ya kipindi.

Karatasi nazo zimekuwa ngumu. Tangu 25 Juni 2025 dereva asiyeweza kujibu askari kwa Kiingereza anaweza kuondolewa barabarani papo hapo, na Septemba mwaka huo Wizara ya Uchukuzi ilitoa kanuni ya kuwabana wasio raia wasio na ukaazi wa kudumu kupata CDL, kanuni iliyoishia kugombaniwa mahakamani. Mkimbizi aliyetimiza mwaka na bado hajaomba kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, aanze na hiyo kabla ya kusaka kibali cha mizigo hatari.

Kwa hiyo naegemea upande wa nenda, kwa masharti. Nenda kwa W-2, yaani kama mwajiriwa, si kwa 1099, yaani kama mkandarasi binafsi. Nenda kwa saa, au kwa mzigo wenye fidia ya kusubiri iliyoandikwa, dakika ya kuanzia kuhesabu ikitajwa. Kama unataka lori lako, lisubiri soko likianguka, wakati walionunua juu wanapouza kwa machozi. Na ukipigiwa simu na mwajiri, kabla ya kuuliza mshahara muulize wiki iliyopita madereva wake walikaa foleni saa ngapi, na walilipwa kiasi gani kwa saa hizo. Akianza kuzungukazunguka, mwombe namba ya dereva wake mmoja umuulize mwenyewe.