Umoja wa Wakristo: nyumbani tunao moyoni, Ujerumani wanao kwenye karatasi

Nyumbani Tanzania Wakristo wa madhehebu tofauti huungana bila kuandikiana chochote. Ukitokea msiba, akina mama Wakatoliki wa WAWATA wako jikoni, kwaya ya Kilutheri inaimba, Mpentekoste anaongoza maombi ya usiku. Hata huduma za jamii tunazisimamia kwa pamoja: Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania waliunda tume moja, CSSC, mwaka 1992. Lakini binti wa Kilutheri akichumbiwa na kijana wa kanisa la kiroho, anaweza kuambiwa abatizwe upya kwanza, na umoja wa kule msibani hauna jibu.

Ujerumani ni kinyume. Jirani haji msibani bila mwaliko, ila makanisa yalikaa chini yakaandikiana. Tarehe 29 Aprili 2007, katika kanisa kuu la Magdeburg, makanisa 11, wakiwemo Wakatoliki, Waprotestanti wa EKD (muungano wa makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani), Waorthodoksi, Waanglikana, Wamethodisti na Wamoraviani, yalitia sahihi kwamba ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu unatambulika kwa wote na haurudiwi. Wabaptisti hawakusaini, kwa kuwa wao hubatiza anayekiri imani kwa kinywa chake. Hilo nalo linajulikana, na hakuna anayekuja kushtuka baadaye. Kwangu mimi huo ndio upendo: kumwambia ndugu yako mapema mnapoachana.

Jumuiya zetu za Kiswahili huku Ujerumani zimebeba upendo wa nyumbani zikaacha kuandikiana, na nyingi huvunjikia kwenye Meza ya Bwana. Mchungaji mgeni anahubiri vizuri, kisha anatangaza ushirika mtakatifu bila kumwuliza mtu. Wakatoliki wengine wanabaki vitini, wengine wanasimama kwa aibu, na mwezi unaofuata nusu yao hawaji. Si chuki. Walutheri na Wakatoliki walisaini Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999, tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani, na bado hawajawa na Meza moja. Kanuni ya 844 ya sheria za Kanisa Katoliki inafungua mlango kwa hali za pekee tu, kama hatari ya kifo au hitaji zito. Kwa hiyo ibada ya pamoja iwe ya Neno, nyimbo na maombi, na mgeni aandikiwe hivyo kabla hajapanda ndege. Ianze saa nane mchana Jumapili: kila mtu ameshashiriki kwao asubuhi, ukumbi wa parokia uko wazi, na Msabato ameshaitunza Jumamosi yake. Mazoezi ya kwaya yasiwekwe Ijumaa jioni, kwa sababu jua likizama Sabato yake imeingia.

Yapo na madogo yanayouma kuliko tunavyodhani. Kwenye Baba Yetu, Wakatoliki wanasema “ufalme wako ufike, utakalo lifanyike”, wengine “ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe”, na mkifika kwenye mkate wa kila siku sala imeshapoteana. Chapeni maneno ya upande mmoja kwenye karatasi ya ibada, mwezi ujao ya upande wa pili. Kwa ajili ya Msabato, pembeni ya chai ya majani wekeni birika la tangawizi au rosela. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kisipikwe kwenye sufuria ya wote.

Fedha nazo. Huku aliyejiandikisha kuwa Mkatoliki au Mprotestanti hukatwa kodi ya kanisa: asilimia 8 ya kodi yake ya mapato katika Bayern na Baden-Württemberg, 9 kwingineko. Kwenye asilimia 9, anayelipa kodi ya Euro 400 kwa mwezi anakatwa 36 kwa ajili ya kanisa. Kumdai tena fungu la kumi kwenye jumuiya si haki. Jumuiya ichangishe pango la ukumbi na mfuko wa msiba, basi, na akaunti isainiwe na wawili wa madhehebu tofauti.

Ubatizo wa watoto nausisitiza kuliko yote: jumuiya isibatize. Mzazi ampeleke mtoto kwenye kanisa alikojiandikisha, jina liingie daftarini. Mtoto huyo akikua na kutaka kufunga ndoa katika Kanisa Katoliki, ataombwa cheti cha ubatizo kilichotolewa ndani ya miezi 6, na cheti hicho hutoka kwenye daftari la parokia. Aliyebatizwa kwenye ukumbi wa kukodi hana pa kukiomba.

Na nyumbani, ningependa kila usharika na kila parokia wabandike ubaoni ubatizo wa makanisa gani wanautambua, ili vijana wausome kabla ya posa, si wiki mbili kabla ya harusi kadi zikiwa zimeshagawiwa.