Maputo ya Arigoni

Najua video ya maputo ya harusi mmeshaiona. Rafiki yangu mmoja (atajijua) aliitupa kwenye kundi la mtaa kabla hata bibi arusi hajafika ukumbini, akaandika chini yake: "Mwanakemia wa Katuba" (ndio mtaa wetu hapa Lubumbashi). Basi na mimi mnisikie.

Kamati ya harusi ilitaka maputo yapae mlangoni pa kanisa. Heliamu niliitafuta Lubumbashi nzima siku mbili, sikuipata kwa bei ya kibinadamu. Ndipo nikakumbuka jedwali la elementi lililobandikwa ukutani tulipokuwa humanités, yaani sekondari. Safu ya 18, ya mwisho kulia: juu heliamu, chini yake neoni, halafu arigoni. Gesi adimu. Ndugu wa baba mmoja, elektroni zimewatosha, hawaombi chumvi kwa jirani. Na arigoni, fundi anayechomelea aluminiamu anayo mtungi mzima! Nikaiambia kamati, "Ni familia moja hiyo." Nilisimama kabisa, mkono mfukoni.

Kijana wa gereji aliyajaza asubuhi, akayafungia ndani ya karatoni ya friji, mimi niko kwa kinyozi. Karatoni ikapakiwa garini bila kamba, ikatulia kama kondoo. Hapo ningeshtuka. Sikushtuka.

Sasa ngoja niwape ile sehemu.

Mpiga picha amelala chali kwenye ngazi, kamera inatazama mawingu. Watu wote shingo juu. Moja, mbili, tatu! Bibi arusi akafungua kifuniko.

Kimya.

Akabaki anaitabasamia mbingu. Mama mmoja alishaanza kigelegele, akakimeza. Bwana arusi akachungulia ndani kama mtu anayetafuta sukari kwenye mkebe, kisha akaiinamisha karatoni. Puto jekundu likatoka, likagonga ngazi: pu. Ngazi ya pili: pu. Likaenda kupumzika kwenye kiatu cha padri. Yakafuata mengine thelathini na tisa. Mtoto mmoja akalihurumia moja, akalirusha juu. Likarudi kama papai.

Baba wa bwana arusi akanigeukia polepole. "Mwanangu, haya ni maputo ama viazi?"

Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Papa, ni gesi adimu, safu ya 18..."

Mdogo wake bibi arusi, mtoto wa shule, akanikatiza kwa adabu zote: "Yaya, kaka yangu, kwa uzito wa chembe, hewa ni kama 29. Heliamu ni 4, inapaa. Hata neoni, 20, ingepaa. Arigoni ni 40."

(Msiniandikie kuhusu kriptoni. Ni 84, najua, nimesoma usiku kucha.)

Pesa nimerudisha, msamaha nimeomba, bukari (ugali wetu) sikula.

Mtaani sasa naitwa Papa Arigoni. Jina lilianza kunipendeza, mpaka yule mtoto akanieleza kwamba wanasayansi Rayleigh na Ramsay walipoigundua mwaka 1894, waliipa jina kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu.

Puto moja liko chini ya kitanda changu. Leo siku ya tatu, bado limejaa vizuri.